Jino haliozi kwa usiku mmoja

Mtoto amelala vizuri baada ya swala ya Isha. Ifikapo saa nane ya usiku anaamka akilia, ameshika shavu, hataki kuguswa. Mama anawasha taa, anamtazama kinywani, na huko nyuma anaona gego lenye tundu jeusi ambalo hakuwahi kuliona. Nyumba nzima inaamka. Huyu anatafuta karafuu ya kuweka kwenye tundu, yule anachemsha maji ya chumvi, mwingine anapekua kabati akitafuta vidonge vya kutuliza maumivu. Panapokucha mtoto amepitiwa na usingizi wa uchovu, na baba anayejiandaa kwenda kazini anasema maneno ambayo wengi wetu tumewahi kuyasema: "Lakini jana alikuwa mzima kabisa."

Jana hakuwa mzima. Gego lile lilianza kuharibika miezi mingi iliyopita, pengine mwaka mzima au zaidi. Katika muda wote huo lilitoa dalili, lakini hakuna aliyelitazama kwa sababu halikuuma. Sisi wazazi tumezoea kuyapima maradhi ya meno kwa maumivu: jino lisilouma tunalihesabu kuwa zima, na linalouma ndilo tunalolipeleka kwa daktari. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba kipimo hicho kinatudanganya, na kwamba kabla ya maumivu Allah (s.w.) ametuwekea muda mrefu wa kuliokoa jino tukitaka.

Jambo hili si la nyumba moja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa inakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya kudumu yaliyooza, na watoto takriban milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Ni miongoni mwa maradhi yaliyoenea zaidi kuliko yote, na wakati huo huo ni miongoni mwa yale yanayozuilika kwa urahisi zaidi.

Si mdudu

Wazee wetu walisema jino linaliwa na mdudu, na hata leo wapo waganga wa mitaani wanaodai kumtoa mdudu huyo na kumwonesha mgonjwa. Dhana hiyo ni kongwe na ilienea duniani kote. Watu wa Babiloni waliiamini maelfu ya miaka iliyopita. Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa utabibu wa meno wa kisasa, aliikanusha katika kitabu alichokichapisha mwaka 1728. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 150 kupata maelezo yaliyo sahihi. Mwaka 1890, Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Ujerumani, alichapisha utafiti wake ulioonesha kwamba bakteria waishio kinywani hugeuza vyakula vya sukari na wanga kuwa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoliyeyusha jino.

Kwa hiyo wazee hawakukosea moja kwa moja. Kiumbe hai kimo, ila ni kidogo mno kuonekana kwa macho, na jino hakiliumi. Kinakula mabaki ya tulichokula sisi, kisha kinatoa tindikali.

Yanayotokea kinywani

Gamba la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Ni gumu kuliko mfupa, kwa sababu karibu lote ni madini. Juu ya gamba hilo hujijenga kila siku utando laini unaonata, ambao Waswahili tunauita ukoga. Ukipitisha ulimi juu ya meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki, ule utelezi unaousikia ndio ukoga. Ndani yake wamo bakteria wasiohesabika.

Tunapokula kitu chenye sukari, bakteria hao nao hula. Ndani ya dakika chache wanatoa tindikali, na kipimo cha pH juu ya jino kinashuka. Kikishuka chini ya takriban 5.5, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka katika gamba la jino. Hapo ndipo mate yanapofanya kazi ambayo Muumba ameyapangia. Mate huizimua tindikali na kuiosha, kisha huyarudisha madini mahali pake. Kazi hiyo huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima.

Basi kinywani mna mapambano yasiyokoma kati ya kupoteza madini na kuyarejesha. Mtu anayekula mara tatu kwa siku huyapa mate yake saa nyingi za kufanya ukarabati. Anayekunywa chai ya sukari saa mbili, soda saa nne, pipi saa sita, juisi saa tisa na biskuti saa kumi na moja hayapi mate nafasi. Kila mate yanapokaribia kumaliza kazi, tindikali mpya inamwagwa. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mate hupungua sana tunapolala. Sukari iliyobaki kinywani wakati wa kulala hukuta jino halina mlinzi.

Wingi wa mara

Ni jambo linalowashangaza wengi kusikia kwamba idadi ya mara ambazo sukari hugusa meno kwa siku ina uzito mkubwa pengine kuliko kiasi cha sukari kinacholiwa kwa mkupuo mmoja. Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulipatikana Sweden, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, kati ya mwaka 1945 na 1955. Wagonjwa wenye ulemavu wa akili waligawanywa katika makundi na kupewa sukari kwa namna tofauti. Wale waliokula sukari pamoja na milo yao waliongezewa uozo kidogo tu. Wale waliopewa tofi zinazonata kati ya mlo na mlo, meno yao yaliharibika kwa kasi kubwa. Elimu hiyo ilipatikana kwa dhuluma, kwa kuwa wagonjwa wale hawakuombwa ridhaa wala hawakuwa na uwezo wa kukataa. Lakini matokeo yake yamebaki kuwa msingi wa ushauri wa madaktari wa meno hadi leo.

Tuyatazame mazingira yetu kwa jicho hilo. Mtoto anapokwenda madrasa jioni hupewa sarafu ya kununua kitu. Nje ya mlango anakuta ubuyu uliopakwa sukari, kashata, pipi, visheti na barafu za ukwaju. Ubuyu anaufyonza kokwa moja moja tangu alifu hadi darasa linapokwisha. Si kwamba amekula sukari nyingi. Pengine alichokula ni kidogo. Ila meno yake yameogeshwa kwa sukari na uchachu kwa saa nzima bila kupumzika. Mtoto mwingine aliyekula kipande cha keki baada ya chakula cha mchana, kisha akasukutua na kunyamaza hadi jioni, amepata madhara madogo zaidi.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayoipata kwa siku, na kwamba ikipunguzwa chini ya asilimia 5 faida ni kubwa zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na karibu vijiko tisa. Mtoto anayeimaliza chupa hiyo peke yake amekwisha kupita kipimo cha mtu mzima.

Safari ya uozo

Uozo hupita hatua nne, na ni wajibu wa mzazi kuzijua.

Hatua ya kwanza ni doa jeupe. Hujitokeza hasa karibu na ufizi, lina weupe wa chokaa usiong'aa, na huonekana vizuri jino likikaushwa kwa kitambaa safi. Maana yake ni kwamba madini yameanza kutoka, lakini gamba bado halijatoboka. Hapa ndipo penye habari njema kuliko zote: doa hili linaweza kupona. Sukari ikipunguzwa, mswaki ukipigwa vizuri na dawa yenye madini ya floraidi ikitumika, jino hurudishiwa madini yake bila kuchimbwa wala kuzibwa.

Hatua ya pili ni tundu katika gamba. Likishatoboka, halijizibi lenyewe. Hata hivyo haliumi, kwa sababu gamba halina neva. Mtoto anaendelea kucheka na kula, nasi tunaendelea kusema ni mzima.

Hatua ya tatu uozo huingia katika tabaka la chini ya gamba, ambalo ni laini zaidi. Huko hutanuka kwa kasi, ndiyo maana daktari anapofungua tundu dogo mara nyingi hukuta shimo kubwa ndani yake. Tabaka hili lina vijinjia vyembamba vinavyoelekea katika kiini cha jino, na sasa mgonjwa anasikia ganzi au mchomo anapokunywa maji baridi au kula kitu kitamu. Mtoto mdogo hawezi kueleza hayo. Ataanza tu kutafuna upande mmoja au kukataa vyakula alivyovipenda. Katika hatua hii ya pili na ya tatu jino bado linaweza kuzibwa na kudumu miaka mingi.

Hatua ya nne uozo hufika katika kiini, penye neva na mishipa ya damu. Haya ndiyo maumivu ya saa nane ya usiku, yanayodunda kwa mapigo ya moyo na kuzidi mtu anapolala. Tiba iliyobaki ni kusafisha mizizi ya jino, au kuling'oa.

Lipo jambo la hatari ambalo huwahadaa wengi katika hatua hii. Baada ya siku kadhaa maumivu hukoma ghafla, na familia humshukuru Allah kwa kupona. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Bakteria wanaendelea kushuka hadi kwenye mfupa, na huko hufanya jipu. Usaha wa jipu hilo unaweza kuenea shavuni, chini ya taya na shingoni hadi kubana njia ya hewa. Uvimbe wa uso unaoambatana na homa, ugumu wa kumeza au wa kufungua kinywa ni jambo la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, si la kusubiri kupambazuke. Watu wamepoteza maisha kwa sababu ya jino.

Karafuu iliyotafutwa usiku ule haikuwa upuuzi. Mafuta yake hutuliza kweli. Lakini kutuliza si kutibu. Vivyo hivyo dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani bila ushauri wa tabibu: hupunguza uvimbe kwa muda, na chanzo kinabaki pale pale. Ama kutia mafuta ya taa au maji ya betri katika tundu, hilo ni kuunguza fizi na kuongeza maradhi juu ya maradhi.

"Yatang'oka tu"

Kauli iliyowaumiza watoto wengi ni ile isemayo kuwa meno ya utoto hayana haja ya kutibiwa kwa kuwa yatang'oka yenyewe. Tuifikirie. Meno ya utoto ni 20. La kwanza huota mtoto akiwa na umri wa takriban miezi sita, na ya mwisho kuondoka hukaa hadi mtoto anapofikia karibu miaka 12. Gego la utoto lililooza mtoto akiwa na miaka minne lingepaswa kumtumikia kwa miaka sita au minane zaidi. Katika miaka hiyo ndipo anapokua, anaposoma na anapohitaji kula na kulala vizuri. Zaidi ya hayo, jino la utoto hulinda nafasi ya jino litakalolifuata. Liking'olewa mapema, meno ya jirani husogea, na jino la kudumu likija huota upande.

Meno ya mbele ya juu ndiyo yanayotangulia kuharibika kwa mtoto anayelazwa na chupa ya maziwa ya sukari, uji au juisi. Mtoto aliyeyapoteza akiwa na miaka mitatu hukaa hadi miaka saba au minane kabla ya kupata mengine. Walimu wa madrasa wanafahamu maana yake. Herufi za Thaa, Dhaal na Dhwaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya mbele ya juu, na Faa hutamkwa kwa meno hayo hayo kugusa mdomo wa chini. Umri ambao ulimi unapaswa kuzoea matamshi ya Qur'ani, mtoto huyu hana meno ya kuyatamkia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akifikisha takriban miaka sita, magego manne ya kudumu huota nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha, kwa hiyo huja kimya kimya, na mzazi hudhani ni ya utoto. Yana mifereji mirefu inayohifadhi chakula, na mswaki wa mtoto mara nyingi hauyafikii. Yakioza, hayana mbadala. Mwenye mtoto wa umri huo amtazame leo.

Sunna tuliyo nayo mkononi

Umma huu ulipewa usafi wa kinywa karne nyingi kabla ya Miller na darubini yake. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau si kuchelea kuutia uzito umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila swala. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba jambo la kwanza alilokuwa akianza nalo Mtume anapoingia nyumbani kwake lilikuwa mswaki. Neno lenyewe tulilonalo katika Kiswahili, mswaki, limetoka katika lugha ya Kiarabu pamoja na sunna hiyo.

Mti wa mswaki una nyuzi zinazokwangua ukoga na viambato vinavyowadhoofisha bakteria. Anayeutumia vizuri, kila upande wa jino na si meno ya mbele pekee, hupata manufaa. Lakini floraidi iliyomo ndani yake ni ndogo, na floraidi ndiyo inayosaidia madini kurudi katika gamba. Hakuna ugomvi kati ya mambo haya mawili. Mswaki wa mti wakati wa swala, na mswaki wa brashi wenye dawa ya floraidi asubuhi na kabla ya kulala: huko ni kuifuata sunna na kuchukua sababu. Kusukutua wakati wa udhu nako huondoa mabaki ya chakula na sukari, ila hakuondoi ukoga ulioshika. Huo hutoka kwa kukwanguliwa.

Kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, tufafanue kwamba meno ya rangi ya kahawia yanayoonekana huko aghalabu hayajaoza. Ni athari ya floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka. Kipimo cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Dawa ya meno haimezwi, hutemwa. Na mtoto hupewa kidogo tu.

Nyumbani tufanye nini

Tuanze jino la kwanza linapoota. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu inatosha dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Hadi mtoto anapofikia miaka saba au minane, mikono yake haijaweza kazi hii, hivyo mzazi ndiye ampige mswaki. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Baada ya mswaki wa usiku kisiingie kinywani kitu kingine isipokuwa maji. Dawa za maji za watoto nyingi zina sukari, basi zitolewe kabla ya mswaki.

Vitu vitamu visikatazwe hadi mtoto avile kwa kujificha. Viwekewe wakati wake, viliwe pamoja na mlo, na kati ya mlo na mlo kiu ikatwe kwa maji. Mwezi wa Ramadhani uangaliwe kwa namna ya pekee: tende ni sunna na kaimati ni furaha ya meza, lakini tukila na kunywa vitamu kidogo kidogo tangu Magharibi hadi daku, kisha tukalala bila mswaki, mwezi wa ibada unakuwa mwezi wa madhara kwa meno. Tupige mswaki baada ya Tarawehe tukishamaliza kula, na tena baada ya daku.

Mwisho, tuwe na desturi ya kumtazama mtoto kinywani mara moja kwa mwezi, mchana, penye mwanga. Tumwinue mdomo wa juu, tukaushe meno, tutafute weupe wa chokaa karibu na ufizi. Dakika mbili zinatosha. Tukiliona doa, twende kituo cha afya chenye huduma ya kinywa na meno wakati mtoto bado anacheka. Atakayezoea kumwona daktari bila maumivu hatamwogopa atakapokuwa mkubwa.

Watoto ni amana. Amana haiulizwi siku ilipovunjika pekee, huulizwa pia siku zote ilipokuwa mikononi mwetu nasi hatukuitazama. Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzihifadhi amana zao, na awape shifaa wote wanaougua. Amin.